Mbio za Nyika na Amana ya Njia

Shukrani zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa miguu ya kuendea na akili ya kuchagulia njia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Waheshimiwa wazee, akina baba na akina mama, walimu, nanyi watoto. Maneno haya ni juu ya jambo ambalo huenda wengine wakalidhania kuwa ni dogo, lisilostahili kuletwa mbele ya mkusanyiko wa Waislamu. Nalo ni siku ile moja katika mwaka ambayo shule ya msingi hufunga vitabu vyake ikawatoa watoto kwenda kukimbia mbio za nyika. Kuna mzazi ambaye siku hiyo humwamsha mwanawe mapema, akamfunga viatu na kumwombea dua. Na kuna mzazi mwingine, mwenye dini vile vile na mwenye kumpenda mwanawe vile vile, ambaye humzuia nyumbani, akasema kwamba mbio ni mchezo, na mchezo ni upuuzi, na upuuzi haumfai mtoto wa Kiislamu. Wote wawili ni majirani, na wote wawili husimama katika safu moja msikitini. Basi yafaa jambo hili litazamwe kwa utulivu.

Kilima cha Nsambya kina jina moja na mti wa nsambya, ule uchanuao maua ya manjano. Mapadre wa Mill Hill walifika hapo mwaka 1895, na mwaka 1903 masista chini ya Mama Kevin wakaanzisha hospitali. Kwa hiyo katika macho ya watu wengi kilima hiki ni kilima cha kanisa. Lakini jirani yake ni Kibuli, ambako msikiti umesimama juu ya kilima katika ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Tena reli ilipofika Kampala mwaka 1931, na nyumba za wafanyakazi wa reli na za askari polisi zikajengwa Nsambya, walikuja watu wa makabila mengi na wa dini zote, na Kiswahili kikawa lugha ya kambini, ya uani na ya dukani. Ndiyo sababu mtoto wa Kiislamu wa Nsambya hasomi peke yake. Huketi dawati moja na mtoto wa Kikristo, na siku ya mbio husimama naye kwenye mstari mmoja.

Wazee wa zamani walikuwa na sababu ya kuogopa. Kwa miaka mingi elimu ya Uganda ilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi wa Kiislamu aliyempeleka mwanawe shuleni alichelea asije akarudi na jina jingine na dini nyingine. Kwa hofu hiyo wengi waliwazuia watoto wao, na Waislamu wakabaki nyuma katika elimu, mpaka walipoamka viongozi wao katika miaka ya 1940 wakaanzisha jumuiya ya elimu ya Waislamu, na Kibuli ikapata shule ya sekondari mwaka 1945. Tangu mwaka 1997, serikali ilipoweka elimu ya msingi kwa watu wote, mlango umezidi kupanuka. Hofu ya wazee ilikuwa na haki yake katika zama zao. Walakini hofu si mali ya kurithiwa bila ya kupimwa. Mwenye kuirithi bila ya kuipima huenda akamkinga mwanawe na kheri akidhani anamkinga na shari.

Basi na tuanze na lile neno la kwanza, kwamba mbio ni upuuzi. Wenye kusoma sira wanajua kwamba sivyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha alimpita. Baadaye, alipokwisha nenepa, wakashindana tena, na safari hii Mtume akampita, akamwambia kwa bashasha kwamba ushindi huu ni badala ya ule wa kwanza. Alikuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu na kiongozi wa umma, na heshima yake haikupungua kwa kukimbia wala kwa kushindwa.

Tena kuna habari ya sahaba Salama bin Akwaa, aliyesifika kwa miguu yake. Maadui walipowateka ngamia wa Mtume, Salama aliwafuata kwa miguu, peke yake, akiwarushia mishale na kuwapokonya kidogo kidogo, mpaka Waislamu wenye farasi walipomfikia. Mtume alimsifu siku ile kwamba ndiye mbora wa waendao kwa miguu. Na walipokuwa wakirejea Madina, mtu mmoja katika Ansari, ambaye hakuwahi kupitwa, akaita mwenye kutaka kushindana naye. Salama akaomba ruhusa kwa Mtume, akapewa. Yule Ansari akatangulia. Salama hakumfuata kwa pupa. Alijizuia mwinuko mmoja au miwili ili pumzi isimwishie, kisha ndipo alipoongeza mwendo, akamfikia, akamgusa kati ya mabega, na kumtangulia kufika Madina.

Mtoto wa Nsambya apandaye kilima na kushuka bondeni ana mafunzo katika habari hii. Mwenye kuondoka kwa kishindo mbele ya macho ya watu mara nyingi hukutwa katikati ya njia ameshika kiuno. Na Mtume ametufunza kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, ingawa katika kila mmoja wao kuna kheri. Basi kuutia mwili nguvu kwa nia njema si upuuzi. Mwili nao ni amana.

Lakini neno kubwa la leo ni jingine. Mbio zote si namna moja. Mbio za uwanjani hukimbiwa mbele ya macho. Mtoto huzunguka uwanja, na tangu kuanza kwake hadi kwisha kwake mwalimu anamwona, mama anamwona, na wenziwe wanamwona. Mbio za nyika sivyo. Asili yake ni katika shule za Uingereza, karne ya 19, ambako wanafunzi wawili watatu walitangulia kama sungura, wakidondosha vipande vya karatasi njiani, na wenzao wakawafuata kama mbwa wa kuwinda, wakivuka mashamba, mitaro na vijito. Tangu hapo hata leo, sifa ya mbio za nyika ni kwamba mkimbiaji hutoka uwanjani, akaondoka machoni pa watu.

Mfikirieni mtoto wa miaka kumi. Kipenga kimelia, na wenziwe wamemiminika kama maji yaliyofunguliwa. Wametoka katika lango la shule, wameteremka mteremko wa udongo mwekundu, wamepita migomba na nyua za nyumba za watu. Kelele za uwanjani zimefifia nyuma yake. Wenye mbio wametangulia, na walio wazito wako nyuma. Naye yuko kati, peke yake. Ubavu unamchoma, viatu vimejaa tope la mvua ya jana, na mwinuko ulio mbele yake ni mrefu. Hapo mkono wake wa kushoto kuna kichochoro. Yeye ni mwenyeji, anakijua, maana hupita humo kila siku akitumwa dukani. Akikata humo atatokea ng'ambo ya pili, mbele ya watoto thelathini. Hakuna mwalimu, wala mzazi.

Mahali hapo, penye kichochoro kile, ndipo zilipo mbio zenyewe. Lile la uwanjani, la vigelegele na vikombe, ni mwisho wake tu. Mtoto yule akisimama pale kwa nukta moja, akakitazama kichochoro, kisha akauelekea mwinuko, amekwisha kushinda, hata akifika wa mwisho. Na akikata njia, amekwisha kushindwa, hata akivishwa nishani.

Walimu wenye uzoefu wanalijua jambo hili, nao wameweka hila zao. Kwenye kona ya mbali kabisa humsimamisha mwalimu mwenye vitepe vya rangi au mipira ya kufungia karatasi, na kila mtoto apitaye hupewa kimoja akivae mkononi. Asiyefika nacho mwisho, hahesabiwi. Ni desturi nzuri, na haifai kuachwa. Lakini kitepe hulinda kona moja, na njia ina kona nyingi. Hakuna shule yenye walimu wa kutosha kusimama penye kila kichochoro cha Nsambya. Hapana budi mtoto awe na mlinzi mwingine ndani ya kifua chake.

Mlinzi huyo ndiye ambaye wanavyuoni wamemweleza wanapofundisha daraja ya ihsani: kwamba mja amwabudu Mola wake kana kwamba anamwona, na ikiwa yeye hamwoni, basi ajue kwamba Mola anamwona yeye. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa akizunguka usiku katika Madina, akasikia ndani ya nyumba mama akimwamuru bintiye atie maji katika maziwa ya kuuza. Binti akakataa, akakumbusha kuwa Khalifa amekataza. Mama akamwambia kwamba Umar hayupo hapo wala hawaoni. Binti akajibu kwamba kama Umar hawaoni, Mola wa Umar anawaona. Binti yule alikuwa penye kichochoro chake. Maziwa yalikuwa mbele yake, maji yalikuwa mbele yake, na usiku ulikuwa umewafunika. Umar alipendezwa naye mno hata akamwoza mmoja katika wanawe.

Ndugu Waislamu, Kurani nayo imetaja mbio, na mahali pamoja imezitaja katika kisa kinachotisha. Nduguze Nabii Yusuf walimwomba baba yao awape mtoto waende naye kucheza, wakaahidi kumlinda. Wakaenda naye mbali na macho ya baba, wakamtia kisimani. Kisha wakarudi usiku wakilia, wakamweleza Nabii Yaaqub kwamba wao walikwenda kushindana mbio, wakamwacha Yusuf penye vitu vyao, na mbwa mwitu akamla. Zingatieni jambo hili. Uongo wao waliufunika kwa mbio. Waliona kwamba habari ya vijana kukimbia ni habari ambayo baba ataikubali, kwa kuwa ni jambo la kawaida na halali. Na baba hakuwako kuona. Mbio hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika nyoyo za watu waliokwisha kuondoka machoni pa baba yao na kusahau kuwa hawakuondoka machoni pa Mola wao.

Basi mzazi amzuiaye mwanawe asikimbie kwa kuchelea atakayofanya mbali na macho yake, na ajiulize: je, atamzuia mpaka lini? Mtoto huyu kesho atakuwa karani mwenye ufunguo wa sanduku la fedha, au askari wa zamu ya usiku, au fundi atiaye saruji ndani ya ukuta usioonekana, au mwuza duka mwenye mizani. Kila kazi ya mtu mzima ina kichochoro chake. Ni afadhali akutane nacho angali mtoto, katika jambo dogo, ambalo akikosea husahihishwa kwa upole, kuliko akutane nacho mara ya kwanza na mali ya watu iko mikononi mwake.

Watu wakubwa nao wamejaribiwa hivyo hivyo, na mifano yao imeandikwa. Mwaka 1904, katika mbio za marathoni za Olimpiki huko St. Louis, Marekani, mkimbiaji aitwaye Fred Lorz alichoka njiani, akapanda motokaa, akapelekwa kiasi cha maili 11. Kisha akashuka, akaingia uwanjani kwa miguu, na watu wakamshangilia kama mshindi. Alikuwa karibu kutunzwa ndipo hila yake ilipodhihirika, akaondolewa kwa aibu. Walakini habari yake haikuishia hapo. Mwaka uliofuata, 1905, alishinda marathoni ya Boston kwa miguu yake mwenyewe. Na hili nalo watoto waambiwe: mwenye kukosea njia hakufungiwa mlango wa kurejea, maadamu yuko hai.

Mfano wa pili ni wa mbio za nyika zenyewe. Mwezi wa Desemba 2012, huko Burlada katika nchi ya Hispania, Abel Mutai wa Kenya, aliyekuwa amepata medali ya shaba katika Olimpiki ya London mwaka ule ule, alikuwa anaongoza mbali. Karibu na mwisho alidhani amekwisha kuuvuka mstari, akapunguza mwendo na kusimama. Nyuma yake alikuwa Mhispania, Iván Fernández Anaya. Angeweza kumpita na kuchukua ushindi, wala sheria isingemlaumu. Hakufanya hivyo. Alibaki nyuma yake, akamwashiria mpaka alipouvuka mstari kwanza. Baadaye alieleza kwamba yeye hakustahili ushindi ule, kwa kuwa mwenziwe ndiye aliyekuwa akishinda. Mtu huyu si wa dini yetu wala wa nchi yetu, na aliyefanyiwa wema huo ni mtoto wa Afrika Mashariki. Hekima ni kitu kilichompotea Muumini. Popote aionapo, huiokota.

Na mfano wa tatu uko hapa hapa Kampala. Tarehe 26 Machi 2017 mbio za nyika za dunia zilikimbiwa katika uwanja wa Kololo, ule ule ambao bendera ya uhuru ilipandishwa tarehe 9 Oktoba 1962. Siku ile kijana Jacob Kiplimo, mwenye umri wa miaka 16, alishinda mbio za vijana. Kisha wakaingia wanaume. Joshua Cheptegei alitangulia, na umma mzima ukasimama kumshangilia. Alikuwa mbele hadi mzunguko wa mwisho. Hapo nguvu zikamwishia ghafula. Miguu ikawa kama si yake, akayumba, na wengine wakampita mmoja baada ya mmoja, na Geoffrey Kamworor wa Kenya akashinda. Cheptegei angeweza kuketi chini, wala hapana ambaye angemlaumu. Hakuketi. Alijikokota mbele ya watu wake mwenyewe, katika aibu ambayo kwa hakika haikuwa aibu, mpaka akauvuka mstari, akawa wa 30.

Miaka miwili baadaye, 2019, huko Aarhus katika nchi ya Denmark, mbio zilipopita hata juu ya paa la jumba la makumbusho lenye mteremko wa majani, Cheptegei alifika wa kwanza, na Kiplimo wa pili. Baada ya hapo akapata dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, na dhahabu ya mita 10,000 huko Paris mwaka 2024. Watu hukumbuka dhahabu. Lakini mwenye kutaka kumlea mtoto na amkumbushe ile nafasi ya 30. Aliyekubali kuandikwa wa 30 kwa haki ndiye aliyekuja kuandikwa wa kwanza kwa haki.

Tena katika siku ile ya Aarhus kuna jambo jingine la kuzingatiwa. Katika mbio za nyika kuna ushindi wa mtu na ushindi wa kundi. Nafasi za wakimbiaji wanne wa kwanza wa kila nchi hujumlishwa, na wenye jumla ndogo ndio washindi. Uganda ilishinda kwa alama 20: wa kwanza, wa pili, wa 7 na wa 10. Yule wa 10 hakupigiwa ngoma, lakini pasipo yeye hesabu isingetimia. Shule nazo hufanya mfano wa hivyo kwa makundi yao yanayoitwa nyumba. Basi mtoto afikaye katikati asidhani kwamba jasho lake limepotea. Ndivyo ilivyo jamaa msikitini: safu haikamiliki kwa imamu peke yake.

Sasa yabaki mambo ambayo wazazi huuliza, na wana haki ya kuuliza.

La kwanza ni la mabinti. Mabinti wana haki ya afya kama ndugu zao, na habari ya Bibi Aisha imekwisha kutajwa. Lakini katika moja ya riwaya za habari ile imepokewa kwamba Mtume aliwaamuru watu watangulie kwanza, ndipo akashindana naye. Hapo pana adabu. Binti na akimbie pamoja na mabinti wenziwe, katika suruali ndefu na vazi pana lenye mikono, na kilemba kilichofungwa vizuri kisimzuie kuona. Mzazi asingoje asubuhi ya mbio akaja kugombana na mwalimu langoni. Na aende mapema, aseme kwa heshima, na atasikilizwa. Wengi wa waliokataliwa ni wale ambao hawakuomba.

La pili ni la wakati. Siku ya mbio ikiangukia Ijumaa, walimu waombwe zimalizike mapema, ili mtoto aoge na kuiwahi sala. Na ikiangukia Ramadhani, mtoto aliyefunga asilazimishwe kukimbia juani, wala asifundishwe kufungua kwa ajili ya kikombe. Na asaidie kwa kusimama penye kona na kuhesabu wenziwe. Mwenye kuhesabu kwa haki naye ana fungu lake.

La tatu ni la usalama. Nsambya ya leo si kichaka. Barabara ya Ggaba imejaa magari na boda boda, na mitaro ya maji ina kina. Shule peke yake haiwezi. Haitakuwa vizuri Waislamu kuketi na kulaumu. Akina baba na wajitolee kusimama kwenye njia panda na bendera nyekundu mikononi, na akina mama na wawe tayari na maji ya kunywa na maji ya kuosha vidonda. Muislamu aondoaye taabu njiani kwa ajili ya watoto wa watu wote, wa msikitini na wa kanisani, amefanya daawa bila ya kutoa hotuba.

La nne ni chungu, lakini hapana budi lisemwe. Wako wazazi na wasimamizi wanaompunguzia mtoto umri katika karatasi ili akimbie na walio wadogo kuliko yeye. Mtoto wa miaka kumi na minne huandikwa kumi na miwili, akashinda, na kikombe kikawekwa kabatini. Huyo mtoto hakukata kichochoro yeye mwenyewe. Aliyemkatia ni baba yake, tena kwa kalamu. Na mtoto anajua. Kila apitapo mbele ya kabati lile, anajifunza kwamba nyumbani kwao uongo unang'arishwa kwa kitambaa. Je, baba huyo atamfundisha nini tena juu ya sala na juu ya mizani? Laiti angeliacha mwanawe afike wa 40 akiwa na umri wake wa kweli.

Na la mwisho ni la wale wafikao mwisho. Katika kila mbio yuko mmoja anayeingia uwanjani wakati watu wameanza kukunja viti. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa safarini alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akiwasukuma wanyonge waende, na kuwapakia nyuma yake waliochoka, na kuwaombea dua. Basi watu wasiondoke mpaka wa mwisho afike, nao wamshangilie kama walivyomshangilia wa kwanza, maana huenda yeye ndiye aliyekaa na amana ile kwa muda mrefu kuliko wote. Wenye mbio walikuwa na jaribu la dakika kumi. Yeye alipita penye vichochoro vile vile akiwa amechoka zaidi, amechelewa zaidi, na hana hata tamaa ya kikombe ya kumtia nguvu. Hata hivyo alipita njia yote.

Enyi wazazi, mtoto arudipo nyumbani siku ile, matope yamemfika magotini, swali la kwanza analoulizwa katika nyumba nyingi ni hili: umekuwa wa ngapi? Swali hili si haramu. Lakini si la kwanza. La kwanza na liwe: umepita njia yote? Na akijibu kwa haki kwamba ndiyo, na apewe maji, apanguswe uso, aombewe dua, akiwa wa kwanza au wa mia. Na akijibu kwa haki kwamba hapana, alikata, basi naye asipigwe. Maana ukweli aliousema sasa ni mzito kuliko njia aliyoikata, na aliyesema kweli penye hofu amekwisha kuanza kurejea njiani. Aambiwe tu kwamba mwaka ujao kilima kitakuwa pale pale, na Mwenyezi Mungu akipenda, atakipanda.

Mwenyezi Mungu amewaamrisha waja wake washindane katika mambo ya kheri. Basi awajaalie watoto wa Nsambya, na watoto wa Waislamu wote, na watoto wa majirani zao, miguu yenye nguvu na nyoyo zenye kumwona Yeye mahali ambapo hapana mwingine anayewaona. Awape wazazi subira ya kuwangoja mwisho wa njia, na awape walimu malipo ya jasho lao. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amin.